Njia ya Shule

Watu wengi wakitaka kuijua shule huzitazama kuta zake. Huhesabu vyumba, huhesabu madawati, huuliza idadi ya walimu, kisha huomba waonyeshwe orodha ya watoto walioshinda mtihani wa mwaka uliopita. Kipimo hicho si kibaya, maana shule isiyo na paa haimkingi mtoto na mvua, na shule isiyo na mwalimu ni ghala tupu. Lakini iko sehemu ya shule ambayo haimo ndani ya ua wake, wala haiandikwi katika daftari la mkaguzi. Sehemu hiyo ni njia. Mtoto huipita kabla hajafika kwa mwalimu, na huipita tena baada ya kuagana naye. Katika nchi ya Karatu na Ngorongoro mambo mengi yanayoamua kama mtoto atajua kusoma au hatajua huamuliwa huko njiani, mwalimu akiwa hayupo.

Nchi yenyewe ndiyo inayoifanya njia kuwa jambo kubwa. Msafiri atokaye Arusha huiacha barabara ya Dodoma pale Makuyuni, hupita Mto wa Mbu, hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, huvuka vilima vya Rhotia, hata akafika Karatu mjini. Mbele yake uko msitu, na katika msitu huo liko lango la Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Akiendelea kupanda hufika ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na chini yake, kiasi cha mita 600, huona uwanda ambao wanyama wake wamesifiwa dunia nzima. Akigeuka kusini na magharibi huteremka mpaka Mang'ola na Ziwa Eyasi, penye joto, vumbi na chumvi. Kwa hiyo katika mwendo wa siku moja mtu hutoka kwenye baridi ya makoti akaingia kwenye jua la kuchoma. Katika nchi hiyo Wairaqw wanalima na kufuga, Wamaasai na Wadatoga wanachunga, na Wahadzabe wanawinda, wanachimba mizizi na kurina asali. Kila watu wana desturi yao ya kumlea mtoto. Mahali pamoja ambapo watoto wao wote hutakiwa kukutana ni mlangoni pa shule ya msingi.

Mwaka wa shule huanza Januari. Mwezi huo mzazi humshika mtoto mkono, humpeleka kwa mwalimu mkuu, na jina la mtoto huandikwa. Zamani jambo la kwanza lililomzuia mzazi lilikuwa fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ada ya shule za msingi ilifutwa, na tangu Januari 2016, kwa waraka uliotolewa mwaka 2015, serikali ilitangaza elimu bila malipo toka shule ya msingi mpaka kidato cha nne. Watoto walimiminika, na madarasa ya kwanza yakajaa hata wengine wakakaa sakafuni. Huo ulikuwa ushindi wa haki, na hapana mtu mwenye moyo mwema anayetaka siku za karo zirudi. Walakini kufuta ada ni kuufungua mlango. Mlango ukiwa wazi, mtu aliye mbali bado yuko mbali. Sare hununuliwa, daftari hununuliwa, viatu hununuliwa, na maili hazina msamaha kwa maskini.

Njia ya kwanza ni ya miguu. Katika vijiji vingi vya Karatu udongo ni mwekundu na miteremko ni mikali. Maji ya mvua yamechimba makorongo ambayo wakati wa kiangazi ni vichochoro vya mchanga tu: mtoto hushuka upande mmoja akapanda upande wa pili, wala hana habari. Masika yafikapo, baina ya Machi na Mei, korongo lile lile huweza kugeuka mto kwa muda mfupi. Mtoto aliyevuka asubuhi kwa miguu mikavu hurudi mchana akakuta maji yenye rangi ya tofali yakienda kasi. Wakubwa huijua sheria ya korongo, kwamba maji hungojwa yapungue. Mtoto wa miaka saba hana subira hiyo. Njaa humwita nyumbani, na nyumba yenyewe anaiona ng'ambo, moshi wa jiko ukipanda.

Huko juu ukingoni, adui ni ukungu. Katika miezi ya baridi hushuka mzito hata mtu asiuone mti ulio hatua ishirini mbele yake. Mtoto huenda amejifunga shuka juu ya sare, vidole vimekufa ganzi, na akifika darasani hawezi kushika kalamu mpaka mikono ipate moto. Wenye busara huwafundisha watoto kwenda kwa makundi na kuitana, maana tembo, juu ya ukubwa wake wote, hutembea bila kishindo, na nyati akishtuliwa karibu hana hiari ila kushambulia. Elimu hiyo haina mtihani, na asiyeijua hurudiwa na msiba.

Agosti 2021 habari ya huzuni ilitoka Ngorongoro. Wavulana wenye umri wa baina ya miaka 9 na 11, waliokuwa wamerudi kutoka shule, waliingia msituni kuwatafuta ng'ombe waliopotea. Simba waliwashambulia. Watatu wakafa, na mwingine akajeruhiwa. Gazeti humpa habari kama hiyo mistari michache kisha huendelea na mambo mengine, lakini iko haja ya kuisoma polepole. Watoto wale walikuwa wamekwisha kurudi salama. Siku yao ya shule ilikuwa imekwisha, ndipo ikaanza siku yao ya pili, siku ya uchungaji. Mtoto wa mfugaji ana siku mbili katika kila siku moja. Katika ile ya kwanza huulizwa habari za herufi, na katika ya pili huulizwa habari za ng'ombe, na swali la pili ndilo lenye adhabu kali zaidi akikosa jibu.

Mtu wa mjini akisikia hayo hufanya haraka ya kumlaumu baba. Ni vyema afikiri kwanza. Kwa mfugaji, ng'ombe ni akiba, ni mahari, ni maziwa ya mtoto mchanga, ni dawa ya mgonjwa na ni heshima ya mzee. Akipotea ng'ombe, imepotea sehemu ya nyumba. Baba mwenye wana watatu, akimtoa mmoja kwa shule, ametoa mikono miwili katika sita iliyokuwa ikishika mali. Naye hutoa mikono hiyo leo, kwa faida ambayo pengine itaonekana baada ya miaka kumi na minne, na pengine haitaonekana kabisa. Anayempeleka mtoto wake shuleni katika hali hiyo amefanya jambo la ujasiri, na anayesita hakosi akili. Kazi ya shule ni kumshawishi kwa vitendo, na kitendo cha kwanza ni kuhakikisha kwamba mtoto aliyetolewa harudi nyumbani mikono mitupu.

Baada ya miguu ni tumbo. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kitu, akatembea saa nzima, hufika darasani na sikio lililoziba. Mwalimu huandika ubaoni kuwa tano na tatu ni nane, naye mtoto huona ubao unacheza. Shule nyingi za nchi hiyo hujua dawa, nayo ni sufuria. Palipo na uji wa saa nne, au makande ya mahindi na maharage mchana, mahudhurio hupanda pasipo polisi wala faini. Palipokosekana, viti huwa vitupu kadiri jua linavyokwenda. Katika vijiji vya wakulima wa Karatu wazazi huchangia debe la mahindi na kiasi cha maharage baada ya mavuno. Debe hilo ni dogo mbele ya macho, lakini huingia katika hesabu, katika kusoma, na katika kila somo la ratiba.

Ndani ya hifadhi jambo hilo ni gumu zaidi. Kilimo kilikatazwa huko mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, kisha kikakatazwa tena mwaka 2009. Wenye kukataza wana hoja yao, kwamba ardhi ile ni ya wanyama na ya wafugaji, na jembe huivuruga. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini mzazi asiyeweza kulima hana debe la kupeleka shuleni. Mahindi yake hutoka sokoni Karatu, na bei ya mahindi hupanda katika msimu ule ule ambao ng'ombe wamekonda na bei yao imeshuka. Kwa hiyo amri iliyoandikwa kwa ajili ya majani na swala hufika mwisho wake katika bakuli la mtoto wa darasa la pili. Watunga amri hawakukusudia hivyo, lakini mtoto hali makusudio.

Baada ya tumbo ni ulimi, na hapa wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya kusikiliza kwa makini. Ni mahali pachache barani Afrika ambapo lugha za asili mbalimbali zimekaribiana kama katika nchi hiyo. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, na Kisomali ni jamaa yake wa mbali. Kimaasai na Kidatoga ni lugha za Kiniloti. Kihadza, chenye sauti za vidoko, hakina ndugu aliyethibitishwa mahali popote. Kiswahili ni cha Kibantu, na kwa watu hao wote ni mgeni aliyekuja kwa biashara, kwa serikali, kwa dini na kwa shule. Wamekipokea vizuri. Sokoni Karatu Mwiraqw na Mmaasai hupatana bei ya mbuzi kwa Kiswahili kisichokosa lolote ila haraka. Lakini soko ni la wakubwa. Mtoto wa miaka sita aliyekulia bomani, mbali na barabara, huenda hajasikia Kiswahili ila katika redio ya mjomba.

Mtoto huyo siku ya kwanza husikia neno “simama” na haelewi. Huwatazama wenzake, akiona wamesimama, husimama. Asikiapo “keti” hufanya vivyo hivyo. Kwa wiki nyingi elimu yake yote ni ya macho. Mwalimu asiyejua sababu humdhania kuwa mzito, na neno “mzito” likishatamkwa juu ya mtoto hushikamana naye kama kupe. Kumbe nyumbani mtoto huyo anazijua rangi za ng'ombe mia kwa majina yao, na akisikia hadithi ya bibi mara moja huisimulia yote. Akili yake haikupungua alipovuka ua wa shule. Kilichobaki nje ni lugha yake tu.

Apatapo ujasiri wa kusema, hukutana na ngeli. Kimaasai hugawa majina kuwa ya kiume na ya kike, na jina la mlima wa Oldeani, ambalo asili yake ni jina la mwanzi, lina alama ya kiume mwanzoni mwake. Kiiraqw nacho kina mgawo wake wa jinsia. Mtoto atokaye katika lugha hizo hashangai kusikia kwamba majina yana makundi, kwa kuwa makundi anayajua tangu utotoni. Ajabu kwake ni kuona kitabu, kiti na kiatu vikienda njia moja, na mti, mto na mkono vikienda njia nyingine, pasipo kiume wala kike. Akisema “kitabu yangu” wenzake hucheka. Kicheko hicho ni kidogo, lakini kimefunga midomo mingi kuliko fimbo. Mwalimu mwema hukikata kicheko, hurudia sentensi kwa usahihi kana kwamba ndiyo aliyoisikia, kisha huendelea. Mwalimu aliye mwema zaidi hujifunza maneno machache ya watoto wake, salamu, majina ya vyakula, maneno ya kutuliza kilio. Maneno hamsini ya Kiiraqw au ya Kimaasai kinywani mwa mwalimu mgeni hufanya daraja ambalo hapana fundi wa serikali awezaye kulijenga.

Tanzania ilifanya jambo kubwa mwaka 1967 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Katika mwaka huo huo Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akataka shule iwe sehemu ya maisha ya kijiji, isiwe kisiwa. Watoto wa nchi hiyo waliweza kuwa taifa moja kwa sababu ya maamuzi hayo, na mwenye kusomesha Kiswahili hana sababu ya kuona haya. Lakini mapenzi ya lugha yasiwafanye watu kuwa vipofu. Kwa mtoto wa Mang'ola au wa Nainokanoka Kiswahili ni mlima wa kwanza. Akiisha kuupanda kwa miaka saba, amechoka na amefurahi, huonyeshwa mlima wa pili, maana katika shule ya sekondari masomo hugeuka Kiingereza. Mtoto wa mjini, ambaye Kiswahili ni maziwa ya mama yake, hupanda mmoja. Mtihani huwapima wote wawili kwa saa moja na kwa karatasi moja, kisha watu husema kwamba mmoja ana akili kuliko mwenziwe.

Wako ambao njia ya shule iliwafuata mpaka porini. Katika miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakusanya Wahadzabe huko Yaeda Chini, katika nchi ya Mbulu, ili wakae mahali pamoja, walime, na watoto wao wasome. Nia ilikuwa njema. Maradhi yakaingia katika makazi yale ya msongamano, watu wakafa, na wengi waliosalia wakarudi porini. Tangu wakati huo watoto wa Kihadzabe wamepelekwa mara kwa mara katika shule zenye bweni, na mara kwa mara baadhi yao wametoroka wakatembea usiku kurudi kwao. Wako waliodumu, wakasoma, na leo wanasema kwa ajili ya watu wao mbele ya wakubwa. Lakini wale waliotoroka nao walisema neno. Walisema kwamba njia iendayo upande mmoja tu, toka kwao kwenda kwa wengine, wala hairudi na kitu, si njia ya kupendeza. Shule iliyotaka wabaki ilihitaji kujua msimu wa asali na wa matunda ya porini, kama inavyojua msimu wa mahindi na kufunga kwa ajili yake.

Iko tena njia kubwa, barabara ya lami. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lami ilitandikwa toka Makuyuni mpaka lango la Ngorongoro, na tangu hapo magari ya watalii hupita Karatu mchana kutwa. Barabara hiyo imeleta hoteli, maduka, kazi na umeme. Pia imeleta mwalimu mwingine asiyeajiriwa na halmashauri. Huko mbele, kandokando ya njia, mtu huwaona vijana wa Kimaasai waliotoka kutahiriwa, nguo nyeusi, nyuso zimepakwa rangi nyeupe, wakingoja mgeni asimame apige picha awape fedha. Desturi iliyowekwa iwe faragha ya kumfanya mtoto kuwa mtu mzima imegeuka bidhaa ya dirisha la gari. Hata watoto wadogo hujifunza upesi kwamba mkono ulionyoshwa huleta peremende au kalamu kwa dakika moja, ilhali mkono ulioshika kalamu huleta faida baada ya miaka. Mgeni huyo ana huruma, lakini huruma itupwayo toka dirishani humfundisha mtoto kukaa barabarani. Afadhali kalamu hiyo angeipeleka ofisini kwa mwalimu mkuu.

Juu ya barabara hiyo hiyo lilitokea jambo ambalo Karatu haitalisahau. Jumamosi tarehe 6 Mei 2017, asubuhi ya mvua, basi lililowachukua wanafunzi wa darasa la saba wa shule ya msingi Lucky Vincent ya Arusha lilikuwa likienda Karatu. Watoto walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa kujipima pamoja na wenzao wa shule nyingine, kama desturi ya shule nyingi kabla ya mtihani mkubwa wa Septemba. Katika mteremko wa Marera, Rhotia, basi liliacha njia likatumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Wanafunzi watatu walitolewa wakiwa hai. Wakapelekwa Marekani, wakatibiwa Sioux City katika jimbo la Iowa, na Agosti mwaka huo wakarudi nyumbani. Tarehe 8 Mei majeneza yalipangwa safu safu katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid mjini Arusha, na umati uliofika ulishindwa kusema.

Watoto wale hawakuwa watoto wa makorongo wala wa mabomani. Walikuwa na sare safi, walimu wao walikuwa pamoja nao, na chombo chao kilikuwa cha magurudumu. Wazazi wao walikuwa wametoa walichonacho ili njia iwe fupi na salama. Hata hivyo njia iliwachukua, na iliwachukua siku ya mtihani, wakati kila mtu alipokuwa akifikiri juu ya maswali na majibu. Msiba ule uliwaunganisha watu ambao mali ilikuwa imewatenga. Mama wa mjini na mama wa kijiji waligundua kwamba wanaogopa kitu kimoja, yaani saa zile ambazo mtoto hayuko mikononi mwao na hayuko bado mikononi mwa mwalimu. Aprili 2024 hofu hiyo iliamka tena, basi la shule liliposombwa na maji ya mafuriko mjini Arusha, na watoto wakafa. Mvua si mgeni katika nchi hiyo. Huja kila mwaka na miezi yake inajulikana.

Mwisho iko njia ambayo haikanyagwi kwa mguu, nayo ni ya maamuzi ya wakubwa. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro liliundwa mwaka 1959, baada ya Wamaasai kuondolewa Serengeti, kwa ahadi kwamba hapo watu na wanyama wataishi pamoja. Wakazi wa wakati ule walikuwa wapatao 8,000. Kwa hesabu zilizotajwa na serikali mwaka 2022, walikuwa wamezidi 100,000. Serikali ikasema kwamba nchi imelemewa, na Juni mwaka huo kaya za kwanza zikahamia Msomera, Wilaya ya Handeni, zikapewa nyumba na ardhi. Wengine waliridhika kuhama. Wengine wakakataa, wakisema kwamba hiari haiwi hiari ikiwa huduma zinapunguzwa nyuma ya mtu. Mwaka huo huo fedha zilizokuwa zimetengewa shule za tarafa hiyo zilielekezwa Handeni. Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta kata, vijiji na vitongoji vya tarafa hiyo. Watu wakakusanyika barabarani kwa siku kadhaa. Mahakama Kuu mjini Arusha ikalisimamisha tangazo kwa muda, na baadaye Rais akaunda tume mbili kulichunguza jambo hilo.

Mabishano hayo ni makubwa, na wenye hoja wako pande zote mbili. Lakini katikati ya pande hizo mbili amekaa mtoto wa darasa la nne, naye darasa la nne hupitwa mara moja tu. Choo cha shule kilichoanguka hakingojei tume. Mwalimu anayeambiwa kwamba huenda kijiji chake hakitakuwapo mwakani hapandi mti, wala hatengenezi bustani, wala hajifunzi maneno hamsini. Kama watu watahama, watoto wahame na shule iliyo tayari kuwapokea. Kama watabaki, wabaki na shule iliyo kamili. Jambo lisilo na udhuru ni kuwaacha katika shule inayokufa kidogo kidogo ili wazazi wao wachoke.

Katika nchi hiyo hiyo, huko Laetoli, si mbali na Endulen, ziko nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano kiasi cha miaka milioni 3.6 iliyopita. Mary Leakey na wenzake walizifukua katika miaka ya 1970. Nyingine ni kubwa na nyingine ni ndogo, zimefuatana upande mmoja. Wataalamu huuliza ni nani waliozikanyaga na walikuwa wakienda wapi. Lakini hata asiye mtaalamu huona kwamba mdogo hakuwa peke yake. Dunia nzima imejitahidi kuzilinda nyayo hizo zisifutwe na maji na mizizi. Karibu nazo, kila siku ya masomo, hupita nyayo mpya ambazo upepo huzifuta kabla ya jioni, nazo zinastahili walau nusu ya uangalizi huo.

Uangalizi huo hauhitaji miujiza. Kijiji chenye korongo kinaweza kumweka mzee mmoja, masika yote, asimame kivukoni saa ya kwenda na saa ya kurudi, mpaka halmashauri ijenge kivuko. Halmashauri inaweza kuandika kivuko hicho katika bajeti ya elimu, kisitafutwe katika bajeti ya barabara ambako hushindwa na lami. Wazazi wanaweza kukubaliana kwamba ng'ombe aliyepotea jioni hutafutwa na mtu mzima. Walimu wakuu wanaweza kuahirisha mtihani wa kujipima asubuhi ya mvua kubwa, na hapana mtoto aliyepata hasara kwa kujipima Jumatatu badala ya Jumamosi. Chuo cha ualimu kinaweza kumpa mwalimu aendaye Endulen au Mang'ola mwezi mmoja wa kujifunza lugha ya watoto atakaowapokea. Na wasomi wa Kiswahili wanaweza kuandika vitabu vya darasa la kwanza vinavyojua kwamba wako watoto ambao lugha hiyo ni ya pili, badala ya vitabu vinavyodhani kwamba kila mtoto amezaliwa Unguja au Dar es Salaam.

Kila Septemba watoto wa darasa la saba hukaa mbali mbali wakajibu maswali, na baada ya wiki kadhaa majina hutangazwa. Jina la shule hupanda au hushuka katika orodha, na watu husema shule fulani ni nzuri na fulani ni mbaya. Orodha hiyo haisemi ni makorongo mangapi yaliyovukwa, ni lugha ngapi zilizojifunzwa, wala ni asubuhi ngapi zilizoanza kwa tumbo tupu. Mkaguzi mwenye kutaka kuijua shule kwa kweli afanye jambo moja zaidi baada ya kufunga daftari lake. Saa ya kuondoka ikifika aliache gari lake chini ya mti, amchague mtoto akaaye mbali kuliko wote, na atembee naye mpaka kwao.